Nilivyoifuta Kompyuta ya Baba Yako

Lusajo mwanangu,

Begi lako nimelikuta sebuleni limeshafungwa, na sikuulizwa chochote kuhusu kilichomo. Ni sawa. Mtu anayekwenda kuanza kazi Mwanza hahitaji mama yake amkunjie mashati. Kwa hiyo mambo ya kula, ya kufua, ya kutafuta chumba kisichovuja, sitayaandika hapa. Utayajua kwa kuyakosea, kama sisi tulivyoyajua.

Naandika kwa sababu tangu Jumapili hatujaongea. Asubuhi unaniambia shikamoo, jioni unaniambia shikamoo, na katikati hapo hakuna kitu. Sikulaumu. Uliniuliza jambo zito, nikakujibu kwa maneno machache mno, ukaingia chumbani ukafunga mlango taratibu. Afadhali ungeubamiza.

Ulinikuta jikoni nachambua mchele. Ukasema, "Mama, ile video ya Tumaini, ile ya taarifa ya habari, nitumie kwenye simu. Nataka nisafiri nayo." Nikaendelea kuchambua. Ukasema tena, sauti imeshuka, "Nilikuwaga namsikia kichwani. Siku hizi simsikii. Namwona tu mdomo unacheza."

Tangu baba yako afariki nilikuwa nakwambia kwamba picha na video za marehemu mdogo wako ziko kwa fundi, kwamba kompyuta ina matatizo, kwamba zitapatikana. Nilikuwa nakudanganya. Siku hiyo nikachoka kudanganya. Nikasema, "Hazipo, mwanangu. Nilizifuta."

"Ulijua zimo?"

"Sikujua."

"Ulikuwa na nafasi ya kujua?"

Nikasema, "Ndiyo." Hapo ndipo ulipoondoka.

Sasa nikueleze hiyo "ndiyo" yangu ilikuwa na nini ndani.

Baba yako, unavyojua, alifanya kazi miaka mingi kwenye hoteli ya ufukweni kule Kunduchi, karani wa ofisi ya wafanyakazi. Hakuwa bosi, lakini kila mwenye shida alipita mezani kwake: aliyefukuzwa, aliyeumwa, aliyegombana na mkuu wake. Akirudi hapa Tabata alikuwa amejaa maneno ya watu na hayasemi. Akishakula anafungua laptop, anaandika. Nikipita nyuma yake anainamisha kioo kidogo. Si sana. Kidogo tu, kiasi cha mtu kuona kwamba kimeinamishwa. Kwa miaka mingi nilikiona kioo kile kinainama na sikuwahi kuuliza. Nilijiambia mke mwenye heshima haulizi. Nilikulia kwenye nyumba ya Tukuyu ambayo mama yetu hakumuuliza baba hata anakotoka, na sisi mabinti tukaona huo ndio utulivu wa ndoa.

Figo zilipokwisha kabisa na madaktari wakaanza kuzungumza nasi kwa upole uliozidi, baba yako alinituma nifunge mlango wa wodi. Ulikuwa shuleni bado, bweni. Akaniita, "Mama Lusajo."

"Abee."

"Ile laptop. Nikiondoka, ifutwe."

Nikasema nitaifuta, nikidhani ni jambo la kubonyeza.

"Si kufuta kwa kidole," akasema. "Ukifuta kwa kidole vitu vinabaki mle mle. Mie nimeona. Pale kazini waliuza kompyuta za zamani, wakadhani wamefuta, na aliyenunua akatembea na nakala za pasipoti za wageni na barua za watu. Mpe fundi aifute diski yote isirudi. Na usifungue. Wala wewe, wala Lusajo."

"Kuna nini ndani yake, Baba Lusajo?"

Midomo yake ilikuwa imekauka, nikamlowanisha kwa pamba. Akasema, "Niapie tu."

Nikamwapia. Mtu anayekufa akikuomba kitu, unakuwa mwepesi wa kuapa kuliko wa kufikiri. Kama kuna siku ulinisikia nikikwambia uwe mtu wa kutimiza ahadi, sifuti neno langu. Ila usiahidi kuhusu chumba ambacho hujaingia. Mie niliahidi, na mdogo wako alikuwa amelala humo ndani.

Msiba ulipokwisha na watu wa Tukuyu wakaondoka, nilichukua laptop nikaifunga kwenye kanga nikaenda kwa Murtaza. Unamkumbuka, yule mwenye duka la kompyuta jirani na duka la dawa, ambaye mabinti zake niliwafundisha tuisheni. Alinipa pole, akamtuma kijana wake alete chai, akasikiliza.

"Mwalimu," akasema, "hii diski yake ni ya zamani, ile inayozunguka. Zile mpya zina namna yake, unaiamrisha diski yenyewe ijisafishe. Hii tutaiandika juu."

Nikamuuliza kuandika juu maana yake nini. Akasema kompyuta ni kama karani mvivu. Ukimwambia futa, anafuta jina la faili kwenye orodha yake na kutangaza kwamba nafasi iko wazi, lakini faili lenyewe hajaligusa. Lipo mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Ndiyo maana vilivyofutwa hurudishwa. Anayetaka visirudi lazima aiandike diski nzima, kila sehemu, mwanzo hadi mwisho, aijaze sifuri.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna fundi. Si mie, si wa Kariakoo, si wa Ulaya."

Nikasema ndicho ninachotaka.

Hakuanza. Alizungusha kikombe chake mezani. "Kuna picha za watoto humo? Za marehemu mwenyewe? Niache nizitoe kwanza, nikuwekee pembeni. Watu wengi wanakuja kwangu kulia baada ya kazi, hawaji kabla."

Nikamwambia picha zetu ziko kwenye diski ya pembeni, ile nyeusi ya waya iliyokuwa inakaa kabatini. Baba yako alisema hivyo zamani, siku alipozihamisha kutoka kwenye ile simu yake iliyokuja kuibwa. Nilisikia "nimezihamisha diski." Diski ipi, sikuuliza. Mle kabatini kulikuwa na diski, basi nikaona jibu limekamilika.

"Umeiangalia hiyo ya pembeni?" Murtaza akauliza.

"Zimo," nikasema. Nilisema zimo, Lusajo. Sikuwa nimeangalia. Ingenichukua muda wa kurudi nyumbani na kuchomeka waya.

Akawasha kazi. Kwenye kioo kukatokea mstari unaojaa polepole na asilimia pembeni yake. Aliniambia itachukua saa nyingi, nirudi kesho, nikakataa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja na nguo zangu za msiba, naangalia mumeo wa miaka yote akipungua kwa asilimia. Naandika mumeo, nimekosea, ni mume wangu. Naacha hivyo hivyo. Hata sasa nikimfikiria siku ile namwona kama mume wa mtu mwingine.

Mstari ulikuwa umefika kama theluthi moja umeme ulipokatika. Betri ya ile laptop ilikuwa imekufa siku nyingi, ilikuwa inaishi kwa waya tu. Kioo kikawa cheusi. Feni ikasimama. Murtaza akaja akakaa karibu nami, hakuzungumza kama mfanyabiashara.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Hapo ilipofika imepita sehemu ya mwanzo. Kilichobaki mbele bado kina vitu, vingi tu naweza kuvivuta. Umeme ukirudi naweza kutafuta picha na video peke yake. Maandishi siyagusi. Kiapo chako hakijavunjika, na watoto wako unawabakiza."

Nikatazama kile kioo cheusi.

"Unaogopa kiapo?" akauliza.

Nikamjibu jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata mchungaji. Nikamwambia, "Hayo maandishi siyaogopi. Picha ndizo ninazoziogopa."

Alielewa. Aliinamisha kichwa.

Hapo ndipo penye ile "ndiyo" yangu. Watu wamenisifu kwa uaminifu, pale kanisani hata wametoa mfano kwenye semina ya wajane, mwanamke aliyetunza neno la mumewe. Haukuwa uaminifu. Nilikuwa naogopa kwamba nitafungua nikute mwanamke amekaa kwenye kiti cha hotelini anacheka na baba yako, na kuanzia hapo kila kitu nilichoishi kiwe cha kuhesabiwa upya. Nikaona bora nisijue. Umeme uliporudi nikasema, "Anza tena, tangu mwanzo." Akaanza. Nilikaa mpaka mwisho, mpaka akanionyesha kwenye kioo: mistari na mistari ya sifuri, ukurasa kwa ukurasa, anashuka nayo na haibadiliki. Nilipoiona nikapumua. Nataka ujue hilo pia, kwamba mama yako alipumua.

Ile diski nyeusi niliichomeka wiki chache baadaye, kwa sababu nilitaka kumsikia Tumaini. Ilikuwa na nyimbo za kwaya na karatasi za kazini za zamani. Nilifungua kila folda. Nikafungua tena. Nikazima nikawasha. Kisha nikaenda kwa Murtaza karibu ninakimbia, na yule bwana aliponiona mlangoni na ile diski mkononi alijua. Hakusema, "Nilikwambia." Alijaribu mbele yangu, kwa heshima tu. Nikaipeleka laptop kwa mwingine Kariakoo, aliyesema anaweza, akakaa nayo, akairudisha bila kunitazama usoni.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa na haraka, hayakungoja nizeeke.

Kilichofuata unakijua nusu. Kikao cha ukoo, ulikaa nje kwenye benchi na binamu zako. Baba yako mdogo Ambwene aliuliza iko wapi kompyuta ya kaka yake, maana huenda ina habari za kile kiwanja cha Mbezi. Nikasema nimeifuta, marehemu aliagiza. "Alikuagiza mbele ya nani?" Nikasema mbele yangu. Akacheka kidogo. "Shemeji, mtu hafuti pasipo na kitu." Hakuna aliyemkaripia. Shangazi yako, ambaye nilimuuguza mimi hapa hapa, alitazama mkeka. Ulikuwa unaniuliza kwa nini ndugu wa baba hawaji tena hapa, nikawa nasema Tabata ni mbali. Si mbali. Wanakuja mpaka Segerea, hapa jirani, kwa harusi.

Ningeweza kujitetea kama ningekuwa najua nimefuta nini. Huo ndio ubaya wake. Mwizi anajua alichoiba. Mie sijui, na hakuna mahali pa kwenda kuuliza.

Kuna jambo jingine, nilisita kukuandikia. Lakini nikilibakiza nitakuwa nimekufutia na hili.

Mwaka ule ule alikuja mwanamke hapa getini. Si mkubwa, labda ana umri wa mama yako mdogo Atu. Amevaa vizuri, kama anayetoka ibadani. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Pole na msiba, nimechelewa." Nikamkaribisha, hakuingia. Alisema alifanya kazi hotelini. Alisema baba yako alikuwa mtu mwema. Maneno ya kawaida. Halafu akauliza, macho yake ameyainamisha chini, "Ile kompyuta aliyokuwa anaandikia, ipo?"

"Ilifutwa," nikasema.

"Yote?"

"Yote."

Aliweka viganja usoni. Mabega yakashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo. Akasema, "Mungu akubariki, Mwalimu. Alisema utafanya." Akaondoka kwa miguu upande wa barabarani.

Alisema utafanya. Basi walizungumza kuhusu mimi. Nilibaki nimeshika geti. Sikumuuliza jina. Kwa mara nyingine tena nilikuwa na mtu mbele yangu mwenye jibu, na nikamwacha akatembea. Huenda alikuwa binti aliyetendewa vibaya pale kazini, baba yako akamwandikia mambo yake akayatunza, na nikamsitiri bila kujua. Huenda alikuwa mke mwenzangu. Siku nikiamka na nguvu namweka upande wa kwanza. Siku nyingi siamki na nguvu.

Nimejaribu kumpima baba yako kwa yale ninayokumbuka, nijue alikuwa nani. Alikuwa anakukata kucha mwenyewe mpaka ukamaliza darasa la saba. Alipomzika Tumaini hakulia, akaenda kukarabati banda la kuku lisilo na kuku. Aliniachia mshahara wangu wote niutumie nitakavyo. Na alikuwa anainamisha kioo. Haya yote ni kweli na hayanipi mtu mmoja.

Sijui kama aliniagiza yale akijua Tumaini yumo. Hilo ndilo linaloniamsha. Labda maumivu yalimsahaulisha. Labda alijua, akaona siri ile ni nzito kuliko sauti ya mtoto wetu, akakubali kuitoa. Nikifika hapo nasimama, maana nikiendelea nitamchukia, na aliyekufa ukimchukia hana namna ya kuja kuomba radhi.

Usidhani nakuandikia ili unisamehe. Sijajisamehe mwenyewe, kwa hiyo nikikuomba wewe itakuwa ni kukubebesha begi la pili. Nakuandikia kwa sababu nakuona ulivyo. Unafanana nami kwa jambo moja baya: ukiogopa unanyamaza, na watu wanakuona mtulivu. Walimu wako walikuwa wanakusifu kwa hilo. Mimi pia nilisifiwa. Ukienda huko utapata mwenza, utapata marafiki, na siku moja utaona kioo kinainama. Uliza siku hiyo hiyo. Uliza vibaya, uliza kwa wivu, ukosee adabu, mgombane. Ugomvi unaisha. Hiki nilichonacho hakiishi.

Na akitokea mtu kama Murtaza, mgeni asiye na faida yoyote kwako, akakuuliza una uhakika, usimjibu haraka ili uonekane una uhakika.

Jana nilijaribu kukuandikia ile video kwa maneno, nikifikiri angalau usafiri na hicho. Tumaini kakaa kwenye kigoda, kashika mwiko mdomoni. Anasema: "Hii ni taarifa ya habari. Kaka Lusajo amelala bila kuoga. Baba amesema ataamka aoge. Mama anacheka. Katika habari za michezo, hakuna michezo." Hapo wewe unatokea nyuma yake umejifunika shuka, unampokonya mwiko, na picha inayumba kwa sababu baba yako anacheka.

Nadhani ndivyo. Ile ya "hakuna michezo" sina hakika, huenda nimeiongeza mwenyewe miaka hii. Nilisoma kwa sauti nione kama atatokea. Nilisikia mwalimu anasoma imla. Kile kithembe chake kwenye "habari za michezo" sikukipata, nimejaribu ulimi huku na huku kama kichaa jikoni. Ile karatasi nikaichana. Kama wewe unakumbuka tofauti, yako ndiyo sahihi, ya kwangu iache.

Kesho gari lako ni la alfajiri, na najua umemwomba rafiki yako akupeleke stendi ya Mbezi ili mimi nisisumbuke. Nimekubali. Nitasimama hapa mlangoni.

Ila usiniage kwa shikamoo peke yake. Nikaripie ukitaka. Niambie nilikosa, niambie uliyoyafikiria wiki nzima huko chumbani, hata yale ambayo mtoto hamwambii mama. Rafiki yako atasubiri, na mimi sitakukatiza. Sema tu kitu, Lusajo, kirefu kidogo, niwe nimekusikia kabla hujaondoka.

Mama yako.